Mwelezaji wa Picha: Maisha ya Nasrudin Jiwan, kutoka Tanga hadi Downsview

Mama yetu Dolat, wazee wetu, ndugu na jamaa mliotoka Pickering, Vaughan na mbali zaidi, majirani wa jengo letu hapa Downsview, na ninyi mliofanya kazi na marehemu, nasimama mbele yenu kwa niaba ya familia, mimi Reena, binti yake, kuyasoma maisha ya baba yetu kabla hatujampeleka makaburini. Nasoma kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo alivyoagiza mwenyewe, na vijana wetu ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, wa kwanza akiwa mwanangu Hina, leo watusikilize tu, hakuna atakayewadai majibu. Aliagiza na jambo la pili, hilo nitalifikia mwishoni, kwa sababu ni zito na nimekuwa nikiliogopa tangu juzi.

Marehemu Nasrudin Jiwan alizaliwa tarehe 14 Machi 1938, mtaa wa Ngamiani, mjini Tanga, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Jiwan Kassam, muuza mafuta ya taa na viberiti, na mkewe marehemu Khurshid. Alisoma katika shule ya jumuiya hapohapo Tanga kuanzia mwaka 1945 hadi 1954, akaacha akiwa darasa la kumi, si kwa uvivu, ni baba yake aliyeugua kifua na duka likataka mtu, ingawa wenzake wa darasani wametuambia kwamba mwalimu alipumua siku hiyo, maana darasa zima lilikuwa likimsikiliza Nasrudin.

Mwezi Juni 1956 aliajiriwa na kampuni moja ya kusambaza filamu, iliyokuwa na gari la sinema likizunguka mashamba ya mkonge ya Muheza, Korogwe na Mombo hadi Pangani. Walifika shambani jioni, wakafunga shuka jeupe kati ya milingoti miwili, wakawasha jenereta, na Baba akapewa kipaza sauti, kwa sababu picha zenyewe zilitoka Amerika, na Wamarekani waliokuwa ndani yake walisema Kiingereza cha puani ambacho hata meneja wa shamba alikuwa akikibahatisha. Zilikuwa picha za maisha yao ya kila siku na habari zao, mama wa nyumbani mwenye viatu vya visigino akifungua friji refu kuliko mumewe, familia nzima sebuleni ikitazama televisheni, mabondia, mashindano ya dansi, wanasiasa wakipunga kofia, mafuriko, gwaride la bendi, na zote alizifungua kwa maneno yake yaleyale, mabibi na mabwana, tulieni, Amerika inaingia.

Pale alipoelewa alieleza, na pale asipoelewa pia alieleza, kwani kunyamaza hakukuwamo katika mkataba wake. Picha moja ya habari ilionyesha watoto wa shule wakijitupa chini ya madawati, akawatangazia watu wa Mombo kwamba mkaguzi wa elimu amefika na kiboko chake, watu wakacheka mpaka machozi, na ni miaka mingi baadaye, akiwa hapa Toronto, alipojua kwamba watoto wale walikuwa wakifundishwa kujikinga na bomu, siku hiyo alizima runinga, akasema laiti angelijua asingewachekesha watu.

Lakini picha iliyomfuata maisha yake yote ni ya bwana mmoja aliyevaa tai, akisukuma mashine ya kukatia majani mbele ya nyumba yake, mpaka uwanja ukabaki mtupu. Mkata mkonge mmoja wa Korogwe, mtu aliyeshinda kutwa akikata majani na kuyafunga mafungu, alisimama mbele za watu akauliza majani yale yanakwenda wapi, maana hakuona ng'ombe, hakuona mbuzi, na picha yenyewe haikusema. Baba akamjibu palepale kwamba kila Mmarekani amefuga sungura chini ya nyumba yake, na tangu jioni hiyo kila shamba walilokwenda watu walidai waonyeshwe picha ya sungura, ambayo haikuwahi kuwepo.

Katika mkusanyiko huohuo wa Korogwe alikuwapo binti wa muuza vitambaa, Dolat Rahemtulla, ambaye pamoja na wanawake wa nyumbani kwao walikuwa wamewekewa mikeka nyuma ya shuka, upande ambao picha inaonekana lakini kulia ni kushoto na kushoto ni kulia. Kwa hiyo hakumwona mwelezaji, alimsikia tu, na Mama mwenyewe ametuhadithia mara nyingi kwamba aliipenda sauti kwanza, sura aliiona kesho yake dukani, na ilibidi aizoee. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Januari 1962, hapohapo Korogwe, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu Zameer, aliyezaliwa tarehe 19 Mei 1963, na mimi, niliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1967.

Gari la sinema lilikoma kuzunguka mwaka 1970, Baba akarudi dukani, na tarehe 11 Februari 1974 familia ikashuka hapa Toronto, katika baridi ambayo kwenye picha alikuwa akiieleza bila kuijua. Mwezi Aprili mwaka huo aliajiriwa katika ghala la vipuri vya magari hapa Downsview, akafanya kazi hapo mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2003, na wenzake wanamkumbuka kwa kulitangaza kila lori lililoingia, limebeba nini, limetoka wapi, na dereva wake ameamkaje. Majira ya joto ya kwanza alimwona jirani akikata majani na kuyatia kwenye mfuko wa taka, akasimama kando ya uzio kwa heshima zote, akamuuliza kwa Kiingereza chake cha darasa la kumi kama anafuga sungura, na yule bwana akaingia ndani akafunga mlango.

Mwaka 1975 alinunua runinga ya mtumba, ikashika vituo vya Kimarekani vya ng'ambo ya ziwa, ambavyo mchana vilirudia vipindi vya zamani, na humo Baba akakutana tena na majiko yale, gauni zile, na waume wale wanaoingia nyumbani na kofia wakitafuta pa kuitundika. Akawa anamweleza Mama kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, akiwa ameketi ukingoni mwa kochi. Mama ameniruhusu niseme leo jambo ambalo marehemu hakulijua mpaka anafariki, kwamba kufikia mwaka 1979, kwa kazi yake ya kushona kiwandani, alikuwa anakielewa Kiingereza chote cha runinga, akamwacha tu aendelee kueleza.

Mwaka 2014 presha ya macho ilimaliza uwezo wa Mama wa kuona, na hapo maelezo yakawa kazi upya. Baba alimweleza sahani, wali uko mbele yako, samaki kulia, pilipili imejificha chini ya jani, akamweleza lifti na waliomo, nani amenenepa, nani amenuna, theluji imefika wapi kwenye ngazi, na jioni akamweleza runinga. Mama alimwekea sharti moja, asimtilie sungura, maana yake asiseme asichokiona, na Baba alilishika sharti hilo kadiri alivyoweza, ambayo kwa kweli haikuwa kadiri kubwa.

Mwaka 2021 sauti yake ilianza kukwaruza, na mwezi Oktoba madaktari waligundua saratani ya koo, wakashauri kisanduku cha sauti kiondolewe chote. Baba alikataa katakata, akasema mke wake anaishi kwa sauti hiyo, hawezi kuitoa, na watoto tulibembeleza tukachoka. Aliyemaliza ubishi ni Mama, alimwambia kwamba amezoea kukaa na mtu asiyemwona, atazoea kukaa na mtu asiyemsikia, lakini kukaa na kaburi hajazoea na hataki kujifunza sasa hivi. Alifanyiwa upasuaji tarehe 3 Machi 2022.

Nyumba ikanyamaza. Hebu fikirini, ndugu zangu, watu wawili chumba kimoja, mmoja haoni, mwingine hasemi, karatasi haifai, ishara ya mkono haifai, Baba akimgusa Mama begani ni chakula, akimgusa kiganjani ni mgeni mlangoni, na baada ya hapo hawana la kuambiana. Zameer alishauri amchukue Mama kwake Pickering na Baba atafutiwe nyumba ya wazee, nami sikuwa na wazo bora, tukalizungumza mezani Baba akiwa ameketi palepale, naye akapiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka. Walikuwa wamekaa pamoja miaka sitini, na ilikuwa dhahiri kwetu sote kwamba asipopata njia ya kusema na mkewe, watatenganishwa.

Hospitali ilimpa kifaa kidogo cha umeme, ukubwa wa tochi, unakibana shingoni, unabonyeza, na midomo ikitamka kinatoa sauti, lakini ni sauti bapa, ya mashine, haipandi wala haishuki. Siku ya kwanza alipomsemesha Mama nacho, Mama aliziba masikio, akasema kuna redio mbovu imeletwa nyumbani kwake na iondolewe. Baba alikitia mfukoni, akavaa kofia, akashuka chini kwenye chumba cha kufulia nguo, ambako mashine zinanguruma kutwa, kwa sababu yeye sauti yake aliikuza kwa kushindana na jenereta, na hakujua njia nyingine.

Huko alimkuta jirani yetu Tharcisse, mzaliwa wa Bukavu, dereva wa basi na mwalimu wa kwaya kanisani kwao, akingoja nguo zake zikauke. Tharcisse alimsikiliza, akamwambia, Papa Nasru, unakimbiza maneno, kata kwanza, pumua, halafu ulete ingine, na tangu siku hiyo, kuanzia Mei hadi Novemba, kila Tharcisse alipokuwa na mapumziko wazee hawa wawili walikuwa mle chini wakifanya mazoezi ya kubonyeza na kuachia. Baba aliudhika, alikitupa kifaa mara kadha wa kadha kwenye kapu la nguo chafu, akakiokota, akaendelea, na shingo ikamchubuka, na tulipomsihi apumzike alitutazama kwa jicho lile la siku aliyopiga meza, tukarudi juu.

Jumapili tarehe 20 Novemba 2022, mimi na Hina tukiwapo, runinga ilikuwa na kipindi kimoja cha zamani cha Kimarekani, cha rangi nyeusi na nyeupe. Baba aliketi ukingoni mwa kochi, akakibana kifaa shingoni, akasema, mabibi na mabwana, tulieni, Amerika inaingia. Mama aligeuzia uso dirishani. Akamweleza jiko, akamweleza friji, akamweleza mume anayeingia na kofia, akikata na kupumua alivyofundishwa, na Mama hageuki, mpaka mimi nikatamani aache, niliona aibu kwa niaba yake. Ndipo Baba, ingawa katika picha ile hapakuwa na jani hata moja, akasema kwamba mume huyu ametoka kukata majani uwanjani. Mama, uso bado dirishani, akauliza yanakwenda wapi. Baba akabonyeza, akajibu, sungura.

Mama alicheka, akanyoosha mkono kumtafuta, akamshika sikio kwanza, kisha uso. Sauti ilikuwa ngeni, lakini uongo ulikuwa uleule, na kwa uongo huo alimtambua mumewe. Habari ya Pickering haikutajwa tena katika familia hii.

Mwezi Januari mwaka huu saratani ilirudi, safari hii kwenye mapafu, na Baba akaamua kubaki nyumbani, akaendelea kumweleza Mama dirisha, barabara na habari za jioni hadi wiki yake ya mwisho. Alifariki dunia juzi Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa tatu asubuhi, kitandani kwake, mkono mmoja umeshikwa na Mama na mwingine umeshika kifaa chake. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watatu.

Sasa nalifikia lile jambo la pili. Siku chache kabla ya kuondoka aliniita, akasema kwamba siku ya mazishi yake watu wote watakuwa wakitazama, isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo asiachwe gizani. Alimkataa Zameer kwa kazi hiyo, akasema atatia Kiingereza. Kwa hiyo, ndugu zangu, naomba shukrani za familia nizitoe nikizungumza na Mama.

Mama, uko kiti cha mbele. Kushoto kwako ni Muuguzi Mehreen, aliyekuja kumhudumia Baba nyumbani, amevaa koti la buluu, analia na hajifichi, tunamshukuru yeye na madaktari wote waliomtibu. Nyuma yako ni majirani wa jengo letu, wamejaa mpaka mlangoni, mliotupikia na kukaa na Mama tulipokuwa hospitali, asanteni sana, na katikati yao ni Tharcisse, suti inambana, amekusanya mikono kifuani, kwake deni letu halilipiki. Ukutani wamesimama wazee wa ghala, wamevua kofia, hawajui Kiswahili, wamesimama hivyohivyo tangu nilipoanza, tunawashukuru. Zameer yuko karibu na jeneza, anajifanya anasoma kitu kwenye simu, na simu imezimwa. Mkono ulioushika ni wa Hina, na midomo yake inafuatisha ninayosema, kwa Kiswahili. Baba yuko mbele yako, hatua chache, jeneza limefunikwa shuka jeupe, na kama jioni ile ya Korogwe, wewe uko upande huu wa shuka, yeye upande wa pili.

Yote hayo ni kweli, Mama, nimeyaona kwa macho yangu, sikutia chochote. Kuna dirisha kulia, na nje yake mtu mmoja amemaliza kukata majani, ameyatia kwenye mfuko, anaubeba begani, anakwenda nao, na kwa leo tu naomba uniruhusu, anawapelekea sungura.

Baba, kazi tumeipokea, Mama hayuko gizani. Zima mashine, kunja shuka, upumzike kwa amani.