Ulimi wa Kuazima Jikoni kwa Bi Mizani

Ifikapo tarehe 30 Juni, Mpishi Mkuu wa hospitali yetu atavua aproni yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Wagonjwa humwita Mama. Sisi wa jikoni tunamwita Bi Mizani, kwa kuwa haijawahi kuingia chumvi sufuriani mwake bila kupimwa.

Alianza kwa kumenya viazi, akapanda hadi zamu ya uji wa asubuhi, kisha akakabidhiwa jiko zima: sufuria kumi na nne, wapishi tisa na wagonjwa mia tatu wasiopenda kusubiri. Chati ya vyakula vya wagonjwa wa figo na kisukari iliyobandikwa ukutani ni kazi ya mkono wake. Mapazia ya dirisha la kupakulia pia ni yake, ingawa hayo yametushinda kuyasifu.

Mwaka mmoja, Ramadhani ilipokaribia, msimamizi mpya wa hospitali alimwonea huruma. Akataka kumhamishia stoo mwezi mzima, asije akateseka mbele ya masufuria huku amefunga. Bi Mizani alishukuru, kisha akakataa.

"Njaa yangu nimeichagua mwenyewe," alimwambia. "Wagonjwa hawakuchagua yao. Niazimeni mtu wa kuonja tu."

Mtu huyo nikawa mimi, muosha vyombo mgeni, Mkristo wa kwaya. Siku ya kwanza niliona haya kula mbele ya mtu aliyefunga. Nikageukia ukutani, nikalamba kijiko haraka haraka na kusema, "Safi." Mchana sahani za supu zilirudi zimejaa. Chumvi ilikuwa ya pakiti mpya, kali kuliko tuliyoizoea, na mizani haiwezi kulijua hilo. Hakunifokea.

"Mdogo wangu, ukinionea haya mimi, wanaoumia ni wao. Onja kama mtu, usionje kama mwizi."

Tangu hapo nimeonja nikimtazama usoni, Ramadhani kumi na saba.

Katika mojawapo nilimzika mama yangu. Nilirudi kazini siku ya nne, sijala chochote cha maana tangu mazishini. Nilitia kijiko mdomoni nisisikie ladha yoyote, na nikamwambia. Bi Mizani akamwita mwingine aonje. Yeye akakoroga uji mwepesi, bakuli moja tu, akanivutia kiti kando ya karo na kunilisha kijiko kwa kijiko. Ilikuwa saa nane mchana. Midomo yake ilikuwa imekauka, na mvuke wa uji ukimpiga usoni.

"Dada, wewe unawezaje?" nilimuuliza.

"Mimi nimeacha chakula nikijua jua likizama nitakula," akanijibu. "Wewe umekiacha kwa kukata tamaa. Hiyo si swaumu. Meza."

Nikameza. Kanisani nilikuwa nimefundishwa mengi kuhusu kufunga, na nilidhani nimeyaelewa. Siku ile nilimwona mtu ambaye njaa yake haikumfanya ajifikirie mwenyewe, bali ilimfanya aione yangu. Sijabadili dini, wala hajawahi kuniomba nibadili. Lakini kila mwezi wa Ramadhani unapokaribia kuandama, nami hutoka uani nikautafuta angani, na nikiuona nafurahi kana kwamba nimefikiwa na mgeni wangu mwenyewe.

Miaka yote hii Bi Mizani amekuwa akifuturu wima, tende moja mkononi na glasi ya maji juu ya friza, kati ya toroli moja ya chakula cha jioni na nyingine.

Dada, jiko zima linakushukuru. Tunakuombea, kila mmoja kwa sala anazozijua, afya njema na nyumba yenye utulivu. Na Ramadhani ijayo, adhana ya magharibi itakapoita, ufuturu umekaa.