Nilivyojifunza Kuipima Kesho kwa Leo

Mwenyekiti wetu, akina mama na akina baba wa kikundi, nawasalimu kwa upendo. Mmeniomba niwaeleze nilivyoanguka na nilivyoinuka. Nitasema kama ilivyokuwa.

Wengi mnanijua kama yule binti wa Mbulumbulu aliyekuwa akiendesha gari la watalii, akishusha wageni kreta kutazama wanyama. Kazi ile niliipenda, jamani! Gari nililijua kwa mlio tu, springi ipi imechoka. Basi masika moja nikiwa peke yangu, natoka kumwacha mgeni kule Oldeani, barabara ikateleza, gari likalala ubavu korongoni. Nilizindukia hospitali. Daktari akaniambia, "Dada, utatembea. Lakini kuendesha kwenye mashimo, sahau."

Ndugu zangu, nawaambia, nililia kama niliyefiwa. Nilirudi kwa mama, nikawa mtu wa kulala na kutazama bati. Siku moja kaka yangu akaingia, akasema, "Shahada ya kwanza si unayo? Rudi shule." Mimi nikacheka. Mama hakucheka. Wakauza fahali, nikaenda Arusha kusoma uzamili wa biashara.

Nilisoma nimesimama, nimeegemea ukuta wa nyuma, maana mgongo ulikataa viti. Masomo mengine nilijikongoja nayo. Lakini hili la fedha za makampuni, yaani namna kampuni inavyoamua mtaji iutoe wapi na iuweke wapi, lilinishinda kabisa. Wenzangu walitoka mabenki, wanaitikia kwa vichwa. Mimi naona alama tu ubaoni, kama nyayo za mnyama nisiyemjua. Mtihani ukaja, nikaanguka. Nikapewa sapu, mtihani wa marudio, na ukianguka hapo unafunga virago.

Nikampigia mama. "Aayo, narudi nyumbani."

"Rudi, nyumba ipo. Ila mwalimu wako umemwuliza?"

"Nimwulize nini, na mimi sijui hata ninachokosa?"

"Mwambie hivyo hivyo."

Mhadhiri wetu alikuwa mama wa makamo, mkali, hata salamu yake ilitutisha. Nikamwendea ofisini, nikamwambia hivyo hivyo. Akanitazama. "Kabla ya kuja hapa ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naendesha wageni, mwalimu."

"Haya. Gari la wageni linanunuliwa leo. Nisimulie maisha yake."

Hilo nililiweza! Nikamweleza: miaka ya mwanzo linang'aa, halikai bure. Halafu vumbi linakula springi na shokapu, gereji inakuwa nyumba yake ya pili. Kuna mwaka wageni hawaji kabisa. Mwisho linauzwa kwa bei ya huruma. Yeye anaandika ubaoni, mwaka chini ya mwaka, kilichoingia na kilichotoka.

"Jumlisha."

Nikajumlisha. "Lina faida, mwalimu."

"Nani kakwambia pesa ya mwaka wa tano ni sawa na ya leo? Ungekuwa nayo leo, si ingekuwa imeshakufanyia kazi miaka yote hiyo? Irudishe mpaka leo."

Tukaanza kuirudisha, mwaka kwa mwaka, kila mwaka tukipunguza kile ambacho ingekuwa imezaa. Ndugu zangu, pesa ya mbali ikirudi inafika imekonda! Na kadiri ninavyoogopa kwamba wageni huenda wasije, ndivyo inavyozidi kukonda. Tulipomaliza, jumla ilikuwa chini ya bei ya gari. Gari lile lililoonekana linamlisha mwenyewe, kumbe linamla.

Kisha akaandika chini yake zile alama zilizokuwa zinanitisha. "Hiki ndicho ulichonieleza sasa hivi," akasema.

Nywele zilinisimama. Binadamu huyu, ambaye hajui hata kama mvua ya kesho itanyesha, amepewa akili ya kuishika miaka ambayo haijafika, kuileta mezani na kuipima! Nikamwuliza, "Mwalimu, nani aligundua jambo hili?"

"Wengi, kidogo kidogo. Shangaa kwanza. Ukimaliza, fungua ukurasa unaofuata."

Sapu nilifaulu. Si kwa alama za kujivunia, lakini nilifaulu, na uzamili nikaumaliza. Leo kampuni moja hapa Karatu haiwezi kununua gari wala kujenga chumba cha wageni kabla sijakaa na kupima. Na mshangao wangu bado haujaisha.

Namshukuru Mungu. Namshukuru kaka yangu, na mwalimu yule aliyeufungua mlango. Nanyi wa kikundi, mlionilimia maharage ya mama nilipokuwa sipo, Mungu awazidishie. Ninachowaachia ni hiki: jambo likikushinda, usiitukane akili yako. Zunguka, utafute mahali linapogusana na kazi uliyokwisha kuifanya.

Juzi mama alikuwa anasonga ugali, akaniuliza nilisomea nini hasa. Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Akaacha mwiko kwenye sufuria, akasema, "Kumbe tumepewa mambo makubwa hivi, na sisi tunapita tu."

Mimi sina la kuongeza. Asanteni.