Nusu Saa ya Bi Chemsha

Wasikilizaji wapendwa, kama una kitu jikoni, kaangalie moto kwanza. Nitakusubiri. Mwanamke tunayemkumbuka leo asingekubali sufuria iungue kwa sababu yake.

Alikuwa mpishi wa wodi ya watoto. Miaka thelathini na mmoja, jiko lile lile, wodi ile ile. Jina la kwenye cheti walilijua mumewe na karani wa hospitali. Sisi wengine tulimwita Bi Chemsha. Alifariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka sabini na minane, kitandani kwake, dakika chache baada ya kumwambia binti yake kwamba uji wa asubuhi ulikuwa mwepesi mno.

Leo sikuja kulia. Bi Chemsha alishinda, na nataka mjue alishindaje.

Enzi hizo wodi ilikuwa na vitanda kumi na vinne, na karibu vyote vilikuwa na watoto wa utapiamlo. Miguu imevimba, nywele zimepauka, macho yamechoka kuliko ya wazee. Maziwa yalifika mara mbili kwa wiki. Nyama, mara moja. Siku nyingine ni uji mweupe, na uji mweupe peke yake haujengi mtoto. Unamjaza tu.

Ndipo mtunza stoo akapokea magunia matatu ya soya kutoka kwa wakulima wa jirani. Hakuna aliyejua la kuyafanyia. Waliwahi kuipika kama maharage, ikatoa harufu ya nyasi na kukataa kulainika. Bi Chemsha akayaomba magunia.

Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa muosha vyombo jikoni humo. Akamcheka mbele ya watu. "Wifi, hicho ni chakula cha kuku. Wagonjwa wakianza kuwika utamwambia nini daktari?"

Jiko zima likaangua kicheko. Bi Chemsha naye alicheka, kisha akaendelea kupeta.

Soya si mgeni wa jana, wasikilizaji. Wakulima wa China waliilima maelfu ya miaka kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Walikamua maziwa yake, wakayagandisha, wakachachusha mchuzi. Kwetu ilikuja baadaye sana, na wengi wakaijua kwa mambo mawili tu: mafuta ya kupikia na mifuko ya chakula cha kuku. Kuku wakanenepa, sisi tukabaki kuwatazama.

Sasa sikilizeni kosa, kwa sababu bila kosa hili hakuna Bi Chemsha.

Alikuwa amefundishwa kwamba mboga ikichemka sana inapoteza nguvu. Ni kweli, kwa mboga. Yeye akaipeleka kanuni hiyo kwenye soya. Akaiosha, akaianika, akaisaga mbichi ili nguvu isipotee. Unga ukatoka mweupe, mzuri, akajivunia. Akapika uji, akauepua mara tu ulipoanza kutokota, kwa kanuni ile ile.

Kabla ya saa sita mchana wodi nzima ilikuwa inaharisha.

Hakufa mtoto. Narudia, hakufa mtoto. Lakini mmoja, mdogo kuliko wote, waliyemwita Kijiti kwa jinsi alivyokonda, aliwekewa dripu siku mbili. Muuguzi mkuu wa wodi, mama mrefu asiyejua mzaha, akaingia jikoni akiwa ameshika bakuli lililobaki. Wapishi wengine walikuwa wameshakubaliana waseme ni maji. Maji hayana mdomo wa kujitetea.

Bi Chemsha akasema, "Si maji, Sista. Ni mimi. Ila bado sijajua nimekosea wapi."

Muuguzi mkuu akamjibu kwamba soya haitaingia tena wodini kwake mpaka ajue. Akaondoka na bakuli lake.

Mumewe, fundi wa baiskeli, ananiambia mkewe alirudi nyumbani na hakugusa chakula. Alikuwa na neno moja: Kijiti. Kama soya ni mbaya, aachane nayo. Kama soya ni nzuri na yeye ndiye aliyeiharibu, basi watoto wale wangeendelea na uji mweupe kwa kosa lake. Hilo ndilo lililomkosesha raha.

Kesho yake akaenda kumwuliza mtu aliyeijua soya kuliko wote mjini. Si daktari. Alikwenda kwa mchanganyaji wa chakula cha kuku.

Yule mzee akamtazama kama mtu aliyeuliza kama maji yanalowesha. "Mama, umewapa watoto mbichi? Mimi hata kuku simpi mbichi. Anadumaa." Akamweleza kwamba soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, na moto ndio unaoviua. Soya hailiwi bila moto.

Kwa hiyo kuku walikuwa wanatunzwa vizuri kuliko wodi yetu. Bi Chemsha aliisimulia hadithi hiyo maisha yake yote, na kila mara alijicheka yeye kwanza.

Akanunua saa ya mezani yenye kengele, akaifunga kamba na kuitundika kwenye msumari juu ya jiko. Njia yake ni hii, chukueni kalamu. Chemsha maji kwanza. Yakichemka kabisa, mwaga soya ndani. Nusu saa, maji yakitokota muda wote. Mwaga maji hayo, suuza, sugua maganda yatoke, anika juani ikauke. Kaanga kidogo bila mafuta mpaka inukie kama karanga. Saga. Unga wa soya kikombe kimoja, unga wa mahindi vikombe vitatu. Na ukishakoroga uji, uache uive. Nusu saa ya kuchemsha, narudia. Si dakika kumi kwa sababu una haraka.

Siku saba akala uji huo yeye mwenyewe, pamoja na wapishi wote, na wifi yake akiwa wa kwanza kwenye foleni kwa adhabu. Hakuna aliyeumwa. Ndipo muuguzi mkuu akakubali watoto sita, wapimwe uzito kila Jumatatu. Kijiti akiwa mmoja wao.

Jumatatu ya tatu, Kijiti akawekwa kwenye mizani. Muuguzi mkuu akasoma. Akasoma tena. Akaona mtoto amekumbatia kijiko cha uji, akasema kumbe ni kijiko hiki. Wakamnyang'anya kijiko kwa vilio vikubwa, wakampima upya. Mshale ukasimama karibu pale pale. Kijiti alikuwa ameongeza kilo moja kasoro kidogo, na sauti ya kudai mali yake.

Muuguzi mkuu akamrudishia kijiko. Kisha akamwambia Bi Chemsha, "Kesho wape wote."

Wasikilizaji wapendwa, katika gramu mia za soya kavu mna kama gramu thelathini na sita za protini. Maharage ya kawaida yana kama ishirini na mbili. Soya ina madini ya chuma, ina nyuzinyuzi, na mafuta yake hayana kolesteroli, hivyo moyo unapumua. Mizizi yake inarudisha rutuba shambani. Lakini tusidanganyane: haichukui nafasi ya maziwa ya mama, haiponyi kila ugonjwa, na wapo ambao miili yao inaikataa. Ukiwashwa au ukivimba, acha, nenda kliniki.

Bi Chemsha alifundisha njia yake katika majiko ya hospitali saba na kwa akina mama wasiohesabika. Kila mama aliyeruhusiwa kutoka wodini alipika sufuria moja mbele yake kwanza. Aliyefunua kabla ya kengele alianza upya. Binti yake anasema, "Mama hakutuachia shamba. Ametuachia saa, na bado inapiga."

Kijiti leo ni dereva wa malori. Alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, mbele kushoto. Wifi aliyemcheka Bi Chemsha, sasa bibi wa miaka themanini na mmoja, ndiye aliyesimamia uji wa waombolezaji. Mtu mmoja akataka kufunua sufuria mapema, akapigwa mkono.

Kwa mumewe, binti yake, wifi yake na wapishi wote wa wodi ile, poleni sana. Mlikuwa na mtu.

Nasi tujiulize: ni mara ngapi tumekosea, tukasingizia maji?

Familia imeniomba jambo moja. Wengine hukumbukwa kwa dakika moja ya kimya. Wao hawataki kimya. Wanaomba nusu saa, maji yakitokota. Washa moto sasa.