Usifungue Mpaka Wahesabu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogeeni karibu na redio, na mwenye chungu jikoni apunguze moto kidogo. Leo tunamkumbuka Mzee Komeo, bawabu wa ukumbi wa halmashauri ya jiji. Miaka thelathini na moja alisimama kwenye mlango mmoja. Ameuawa hatua tatu kutoka mlango huo huo. Sitalainisha neno: ameuawa.

Jina la Komeo lilitokana na kazi. Madiwani wakianza kupiga kura, mlango hutiwa komeo. Haingii mtu, hatoki mtu. Ukifunguliwa kabla hesabu haijatangazwa, kura imeharibika. Mwaka wake wa kwanza kazini, watu wenye hasira waliusukuma mlango ule, ukamkata vidole viwili. Hakufungua. Nyumbani mkewe alimtania sana. Akitaka kwenda sokoni humuuliza, "Baba watoto, kura zimeisha nitoke?" Mzee hucheka mpaka akohoe.

Alipostaafu, kazi aliichukua bintiye. Baba mwenyewe alimfundisha siri ya kulifungua komeo lile, isiyojulikana ila na bawabu, na sheria yake.

Mwaka jana, jirani yao, bibi wa miaka themanini, alishindwa kupanda ngazi za chumba chake, akawa analala chini ya ngazi. Mwenye nyumba akamburuta nje na godoro lake. Mkono wa bibi ukavunjika. Mzee Komeo alimbeba mgongoni hadi zahanati, na tangu siku hiyo hakutulia. Nyuma ya soko kuna kiwanja cha halmashauri. Alitaka zijengwe pale nyumba za wazee, nyumba zisizo na ngazi hata moja. Akabisha hodi kwa kila diwani. Wawili walimfungulia mbwa. Akarudi kesho yake na fimbo.

Lakini wapo waliokimezea mate kiwanja kile. Na hao hawakubisha hodi kwa mtu.

Kura ya nyumba hizo ilipigwa asubuhi, saa nne. Binti akatia komeo. Mzee alikuwa benchi la nyuma. Ndipo vijana sita wakainuka kwenye viti vya wageni. Walikuwa wametumwa, na sheria waliijua: mlango ukifunguka, kura imekufa. Walimvunjia mzee kiti mgongoni. Alipoanguka wakamkanyaga mbavu kwa zamu. Kisha wakamgeukia binti: "Fungua, au tunammaliza!"

Binti ameniambia hivi: "Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo. Baba alinitazama, mdomo umejaa damu. Akasema, 'Mwanangu, usifungue mpaka wahesabu.' Nikamtii. Nilisikia mbavu zinavunjika, nikamtii. Hadi leo sijui kama nilifanya vizuri."

Na mimi sijui, wasikilizaji. Nina mabinti wawili, na sijui.

Kuna madiwani walioingia chini ya meza, wakaacha mkono mmoja tu juu. Diwani mmoja, mama fundi cherehani, alipigwa chupa usoni. Mkono hakuushusha. Mwenyekiti akahesabu kwa kupiga kelele: kumi na saba wamekubali, kumi na sita wamekataa. Kura moja, wasikilizaji. Nyumba za wazee zimepita kwa kura moja! Hapo ndipo binti alipovuta komeo, na askari wakaingia.

Vijana sita wamekamatwa. Aliyewatuma bado anakunywa chai yake kwa raha. Nalisema hili kwa uchungu.

Kwa mama mjane, kwa binti, na kwa bibi yule jirani: poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Nawe unayenisikiliza, yupo mzee jirani yako. Leo amelala wapi? Ngazi zake ni ngapi? Usingoje mwingine afe ndipo uinue mkono.

Hospitalini, mkewe alifika mzee akiwa bado ana joto. Alikaa kitandani, akaushika ule mkono wa vidole vitatu. Akamwinamia sikioni, akamwambia, "Baba watoto, kura zimeisha. Haya, fungua macho."

Hakufungua.