Faili la Baba Lilikuwa Meru, Mimi Nikilitafuta Embu

Ndugu zangu wa kikundi, kwanza mnisamehe. Mwandiko wangu si mzuri na lazima kuna maneno niliyoyakosea. Niliishia darasa la nane, na nikiandika naandika polepole. Karatasi hizi zimenichukua Jumapili nne. Mwenyekiti alitaka nisimame niseme kama wengine, lakini nyinyi mnanijua, nikisimama mbele ya watu sauti inakwama. Kwa hiyo nimeandika, na nimemwomba katibu anisomee. Mimi nimekaa hapa nyuma karibu na mlango. Tafadhali msigeuke kuniangalia.

Sitataja jina la mtu yeyote. Nitasema tu habari ya baba yangu, na jinsi nilivyomtafuta katika makaratasi ya mahakama, kwa sababu najua wengi wenu mna mtu wenu aliyefungwa na hamjui alifungwa kwa nini hasa.

Nililelewa na cucu, yaani nyanya yangu mzaa baba, upande wa Kianjokoma, huko Embu. Mama yangu aliolewa kwingine nikiwa mdogo sana. Baba alikuwa ameshuka Mitunguu kufanya kazi kwenye mashamba ya ndizi, na alikuwa anakuja nyumbani mara chache. Mambo ninayoyakumbuka kwake ni mawili tu. La kwanza, alikuwa na kidole kifupi mkono wa kushoto, kilikatwa na panga. La pili, alikuwa ananiita mama. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, kwa hiyo baba akimwona binti yake ni kama anamwona mama yake mzazi. Akifika langoni alikuwa anasema, "Mama yuko?" na cucu akiitika, baba alikuwa anacheka anasema, "Si wewe, ni yule mdogo." Mimi nilikuwa najificha nyuma ya mlango ili aendelee kuniita.

Halafu akaacha kuja. Mtu mmoja aliyetoka huko chini alimwambia cucu kwamba mwanawe ameshikwa. Cucu hakwenda kuuliza. Aliogopa, tena aliona aibu. Nyumbani kwetu jina la baba halikutajwa tena.

Lakini mahali mlipokaa kimya, wengine hawakai kimya. Nikiwa darasa la nne tukichota maji shuleni, msichana mmoja aliniambia, "Wewe usinisukume. Baba yako aliua mtu." Wengine waliacha hata kujaza mitungi yao, wakaniangalia. Mimi sikujua kama ni kweli. Huo ndio ugonjwa wenyewe, ndugu zangu. Si kwamba baba aliua au hakuua. Ni kwamba mtu yeyote angeweza kuniambia chochote juu yake na mimi ningelazimika kunyamaza.

Nilipokuja Meru kutafuta kazi nilikuja na hiyo hofu. Kila mahali mtu akiniuliza baba yako ni nani, yuko wapi, baada ya siku chache nilikuwa nakusanya nguo zangu na kuondoka. Kazi tatu niliziacha hivyo. Hata kanisa nililiacha. Mwaka jana kuna kijana mzuri alitaka kunioa, watu wake wakasema wanataka kuja kwetu kuwaona wazazi. Nilizima simu yangu wiki mbili. Nilikuwa naanguka hivyo polepole, bila pombe, bila kelele, na hakuna aliyejua.

Sasa nipo Kinoru, hapa hapa Meru, kwenye hoteli ndogo, nakanda na kuchoma chapati. Mwenye hoteli ni mama Mwislamu, mume wake ana bucha mlango wa pili. Siku moja mama huyo alinikuta nalia juu ya unga. Hakuniuliza kwa nini. Alisema tu, "Hizo chapati zitakuwa na chumvi mara mbili." Nikacheka, na nikamwambia yote.

Aliniambia kesi ya jinai huandikwa, na yaliyoandikwa huwekwa, na mtoto wa mshtakiwa anaweza kuomba ayaone. Mimi nilidhani mahakama ni ya kuitwa tu, sikujua mtu anaweza kwenda mwenyewe kwa miguu yake.

Nikaenda Embu. Mnisikilize hapa, kwa sababu nilikosea na sitaki mkosee kama mimi. Nilienda Embu kwa sababu baba ni mtu wa Embu. Kwetu mambo ya mtu hurudishwa nyumbani kwao. Ugomvi wa shamba, wazee huketi kwenye boma la wenyewe. Kwa hiyo nilifikiri na kesi yake ingerudishwa nyumbani. Siku ya kwanza nilifika kwenye lango la mahakama nikamwona askari, nikarudi. Siku ya pili niliingia hadi masjala, ndiyo ofisi wanayotunza mafaili. Karani hakunitukana. Aliniuliza maswali manne tu: jina kamili la mshtakiwa, mwaka, kosa, na namba ya kesi. Nikashindwa yote manne.

Hata jina, ndugu zangu. Mimi nilimpa jina ambalo watu wa kijiji walimwitia. Kwetu mwanamume aliyelelewa na mama yake peke yake huitwa kwa jina la huyo mama, fulani wa fulani, na hilo ndilo jina nililolijua. Karani alitafuta, akasema hakuna mtu kama huyo. Nilitoka pale nikifikiri labda hata serikali imemfuta.

Nilipomweleza mama wa hoteli alinitazama sana.

"Binti, baba yako alishikwa wapi?"

"Mitunguu."

"Sasa Embu ulienda kutafuta nini, maharagwe?"

Mume wake alisikia kutoka buchani, naye akaja na aproni yake ya damu. Yeye aliwahi kuibiwa ng'ombe na akafuata kesi mpaka mwisho, kwa hiyo anajua. Alinieleza kwamba kesi husikizwa na mahakama ya eneo ambalo kosa linasemekana kutendeka, hata kama mtu amezaliwa mbali. Mitunguu ni Meru. Faili lilikuwa huku huku, siku zote nikipika chapati. Akaniambia pia nisirudi mahakamani kabla ya kujua majina yaliyo kwenye kitambulisho cha baba.

Nikapanda Kianjokoma. Jina la ukoo kwenye kitambulisho changu ni la upande wa mama yangu, kwa hiyo hakikunisaidia. Nilimwomba cucu kadi ya ubatizo ya baba. Alichochea moto mpaka maji ya chai yakakauka kwenye sufuria. Kisha akaenda chumbani, akarudi na kadi. Majina matatu yalikuwa pale, la mwisho ni la babu yake, na lile la mama yake nililompa yule karani halikuwamo. Kuhusu mwaka, cucu hakujua kuuhesabu, lakini alisema, "Ulikuwa umeanza shule, na kahawa ilikuwa imechanua." Alikuwa ameweka ripoti yangu ya darasa la kwanza, na mwaka umeandikwa juu. Hivyo nikapata mwaka, na hata miezi ya kuanzia.

Nikaenda mahakama iliyo karibu na huko chini, upande wa Meru. Nilimpa karani majina, mwaka, na mahali aliposhikwa. Karani alikuwa mama wa makamo. Alisema ningekuwa na namba ya kesi ingekuwa rahisi, au hata namba ya kitabu cha matukio cha polisi, lakini atajaribu. Akatoa daftari kubwa la kesi za jinai za mwaka huo, akaanza kushuka na kidole ukurasa kwa ukurasa. Nilikuwa nakiangalia kile kidole. Kikasimama.

Jina la baba yangu liliandikwa pale kwa wino wa bluu. Ndugu zangu, ukiacha ile kadi ya cucu, sikuwa nimewahi kuliona likiwa limeandikwa popote.

Faili lenyewe lilikuwa ghalani kwa sababu ni la zamani. Aliniambia niandike barua kwa mkuu wa mahakama ile: namba ya kesi, majina ya mshtakiwa, mimi ni nani kwake, ninataka nini na kwa sababu gani, na namba yangu ya simu. Niweke na nakala ya kitambulisho changu. Barua hiyo niliiandika mara tano. Pale pa sababu nilijaza mambo mengi, mama wa hoteli akayakata yote. Akasema andika ukweli. Nikaandika: "Mimi ni mtoto wake na sijui alifanya nini."

Nilikaa wiki tatu nikingoja. Kila simu ikilia mikono ilikuwa kwenye unga. Mtu mmoja nje ya mahakama alikuwa ameniambia nimpe kitu kidogo aniharakishie. Msikubali. Malipo ya nakala hulipwa kwa njia ya serikali na unapewa risiti yake, basi.

Waliponiita, karani aliniweka mezani karibu naye, akasema nisome hapo kwanza nichague kurasa ninazotaka. Lilikuwa faili jembamba, limefungwa na uzi. Lakini lilikuwa limeandikwa Kiingereza, tena kwa mkono wa hakimu, na mimi sikuweza. Nilikaa na baba yangu mikononi nikashindwa kumsoma. Karani aliona. Alivuta kiti, akanisomea kwa Kiswahili, sauti ya chini.

Baba hakuua mtu. Aliiba pampu ya maji kwenye shamba alilokuwa akifanya kazi. Alipoulizwa alijibu, "Ni kweli." Hakubishana. Sitawadanganya kwamba alionewa. Aliiba, na alisema aliiba.

Karani akageuza ukurasa. Akasema kabla ya kuhukumiwa mtu huulizwa kama ana la kusema, na hayo pia huandikwa. Akasoma:

"Naomba msamaha. Nina mtoto wa miaka sita. Namwita mama, kwa sababu ana jina la mama yangu. Ameanza shule juzi na sijamwona akivaa sare."

Nilimwomba asome tena. Akasoma tena. Hakuniharakisha.

Miaka yote hiyo nilifikiri alitusahau. Kumbe alisimama mbele ya hakimu, akapewa nafasi ya kusema neno moja juu ya maisha yake, akanitaja mimi.

Alipewa miaka miwili. Maana yake nilipokuwa darasa la tatu alikuwa ametoka. Yeye alikuwa tayari huru wakati mimi naambiwa pale kwenye maji kwamba aliua. Hilo linaniuma, sitaficha. Faili linasema aliingia gerezani, halisemi alipotoka alikwenda wapi.

Nilichukua nakala zenye muhuri, nikampelekea cucu. Nilimsomea kwa Kiembu, polepole. Nilipofika pale pa jina, alinishika mkono. "Alinitaja mbele ya serikali?" Nikamwambia ndiyo, cucu, alikutaja. Akasema, "Na mimi sikwenda hata kumpelekea sabuni." Siku hiyo aliongea juu yake hadi jua likashuka: alivyopenda njahi, yale maharagwe meusi, alivyokuwa anaogopa radi hata akiwa mtu mzima. Sikuwa najua hata moja.

Yule kijana nimemwonyesha zile kurasa. Hajaniambia neno la mwisho. Lakini safari hii simu yangu sijaizima.

Nawashukuru mama wa hoteli na mume wake. Nashukuru yule karani aliyevuta kiti. Na nyinyi mlioniacha nikae nyuma miezi yote hii bila kunilazimisha kusema. Ninalowaachia ni dogo: kama una mtu wako aliyehukumiwa, usikubali kumjua kwa midomo ya watu. Tafuta majina yake kamili, mwaka, na mahali alipofanyia kosa. Nenda uulize. Utakachosoma kinaweza kukuuma, lakini kitakuwa chako.

Sasa naomba. Wengine wenu mna ndugu waliowahi kufanya kazi kwenye mashamba ya Mitunguu, au waliofungwa miaka hiyo. Majina ya baba nimempa mwenyekiti. Yeye ni mrefu, kidole kimoja cha mkono wa kushoto ni kifupi, na mvua ya radi ikija hukaa mbali na mlango. Kama mmemwona, au mmesikia, niandikieni hata mistari miwili mumpe katibu. Nasoma polepole lakini nitasoma yote.

Na mkikutana naye, mwambieni sare niliivaa miaka minane. Mwambieni akija langoni kwa cucu aulize kama zamani, "Mama yuko?" Safari hii sitajificha nyuma ya mlango. Nitaitika.