Niliomba Kutoka Jikoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Mniwie radhi mkiniona naegemea mguu huu mara huu. Miguu yangu bado haijajua kutulia, lakini leo imenileta kanisani.

Wengi wenu hapa Kuresoi mnanijua. Mimi ni Zakaria. Nilitoka Maragoli nikiwa kijana, nikawa mpishi kwa mzungu mwenye shamba hili la pareto. Nilivaa kanzu nyeupe, nikapewa nyumba ya mabati. Mliniita mtu wa maana. Kumbe ndani nilikuwa nimeoza!

Ilianza na mabaki. Yule bwana mzungu alikunywa wiski kila jioni, na tangu memsaab, mke wake, arudi kwao Uingereza, alikunywa hata mchana. Mimi nilirudisha glasi jikoni, na kilichobaki nikamalizia. Tone tu, ndugu zangu! Nikasikia kifua kimepata moto, baridi ya huku juu imekimbia. Baadaye mabaki hayakunitosha, nikawa natafuta chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, kule kambini kwa wafanyakazi. Mwishowe sikuweza kuvunja yai asubuhi kabla sijanywa, maana mikono ilitetemeka kama ya mgonjwa wa malaria. Furaha ya pombe ilikwisha zamani. Nilikunywa ili niweze kusimama!

Mke wangu Rasoa aliona. Akawa anakuja jikoni kunisaidia ili bwana asijue. Siku moja nikainua sufuria ya maji yanayochemka, mikono ikanishinda, maji yakammwagikia kutoka kiwiko mpaka vidole. Hakupiga kelele. Aliniangalia tu, akasema, "Baba Petro, leo ni mkono wangu. Kesho je?"

Jumapili hiyo nilipiga magoti hapa mbele, mkaniombea. Nilidhani nikishasema amina, kiu imekwisha. La! Kesho yake mwili ulinigeuka. Jasho, kutapika, nikaona siafu wanapanda ukutani, na siafu hawakuwako. Watu wakasema nimerogwa. Lakini Arap Koech, mchunga ng'ombe wa shamba, mwamini mwenzetu, akakataa. "Hakurogwa," alisema. "Mwili umezoea pombe, sasa unaidai. Ndugu yangu alikuwa hivihivi." Yeye na Rasoa wakakaa nami, wakininywesha uji kidogo kidogo, mpaka mtetemeko ukapungua. Kisha Arap Koech akaniambia, "Kiu ikija, usishindane nayo ukiwa umekaa peke yako. Njoo kwangu, tutembee."

Nikarudi kazini. Na jioni bwana akaita, "Zakaria! Lete wiski!" Ndugu zangu, ni nani aliyeimimina wiski hiyo? Ni mimi niliyeokoka! Kila jioni, harufu ileile. Nilikuwa nazunguka jikoni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Halafu jioni moja nikashtuka, glasi iko mdomoni. Imefikaje? Sijui! Rasoa alikuwa mlangoni, mkono wake bado umefungwa kitambaa. Nikaiweka glasi chini, nikaenda moja kwa moja mpaka mbele ya bwana.

"Bwana, naomba uniondoe jikoni. Nipeleke kwa ng'ombe."

Akacheka. "Kwa ng'ombe? Huko iko baridi, iko matope, mshahara kidogo. Wewe iko wazimu?"

"Nikikaa karibu na chupa hii nitakufa, bwana."

Kicheko kikakatika. Akaitazama glasi tupu mkononi mwake. Akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi? Nani tapeleka mimi kwa ng'ombe?"

Kisha akanipungia mkono niende.

Aliniruhusu. Nikavua kanzu, tukahama nyumba ya mabati, tukaingia ya nyasi. Wengine mlicheka, na sina kinyongo. Rasoa alipakia vyombo akiimba! Lakini sitawadanganya, ndugu zangu. Jua likianza kushuka, kiu bado inanitafuta. Kifua kinawasha, siwezi kukaa. Basi naacha ndoo ya maziwa, Arap Koech ananiona, tunashika njia ya malishoni. Siku nyingine tunaimba, siku nyingine tunanyamaza, mpaka ipite. Na inapita! Yesu anaipitisha! Ya jana imepita, ya leo nitamwomba tena.

Yule bwana wa shamba bado anakunywa. Juzi alikuja kwenye boma la ng'ombe, akasimama pale hajui aende wapi. Nikamwambia, "Bwana, twende." Akatembea nasi mpaka mtoni, akarudi nyumbani. Jana hakuja. Mwombeeni. Mimi namwombea, kwa maana najua anavyosikia.

Namshukuru Mungu aliyenitoa. Namshukuru Rasoa, ambaye hakuniacha. Na wewe uliyesimama karibu na mlango, ambaye tangu nianze kusema unataka kutoka, nimekuona. Toka, lakini usitoke peke yako. Mwite Bwana Yesu, yeye hachoki na mtu. Halafu njoo bomani jioni. Tutatembea watatu.