Soda Iliyoonjwa Kwanza Kilimani

Hamjambo nyote, mnaojidunga sindano na mnaomeza vidonge. Nimesimama mbele yenu kwa sababu bado naweza kusimama. Sitataja jina la mtu, na tafadhali msigeuze shingo kumtafuta.

Ndugu zangu, mimi ni mtu wa kushuku. Hata nikikaribishwa chai, naangalia kwanza ni nani ameikoroga. Sasa mnakumbuka ile Jumamosi kikundi chetu hiki cha wagonjwa wa sukari kilipotembea vilimani, kutoka Maseno mpaka Riat. Asubuhi nilijidunga kama kawaida, nikabeba viazi vitamu kwa mfuko. Daktari alishasema, ukijidunga lazima ule, la sivyo sukari inashuka mwilini mpaka uanguke.

Lakini kulikuwa na mama mmoja mgeni, anakaa Nyalenda. Tulipopumzika mara ya kwanza, sisi tulitazama ziwa kule chini, yeye akatazama midomo yetu. "Mama, umekula?" "Baba, mbona hutafuni kitu?" Nikajiambia, huyu ana macho. Mnajua macho ninayosema, yale yanayoingia kwa chakula chako ukabaki umeshika tumbo. Nikaenda nyuma ya jiwe nile nimejificha. Akanifuata! Nikafunga mfuko haraka.

"Nimeshiba," nikamwambia.

Aliangalia ule mfuko, kisha akaniangalia mdomo. Hapo nikamshuku zaidi.

Pumziko la pili, hivyo hivyo. Jua likawa kali, njia inapanda tu, na kila nikigeuka yuko nyuma yangu. Mbona asipite? Nilianza kutetemeka, jasho likanitoka la baridi, na bado nikafikiri ni yeye ananifanyia. Nikaketi kwenye nyasi. Ulimi ukawa mzito.

Akafika na chupa ya soda. Nikaona kifuniko kimeshafunguliwa. Nani alifungua, na lini? Nikabana meno. Nawaambia kweli, nilikuwa tayari kufa kuliko kumeza kitu cha yule mama.

Hakubishana na mimi. Alikunywa yeye kwanza, akameza nikiona, akapangusa chupa na leso. Ni vile tunavyofanya nyumbani, anayeleta kinywaji anaonja mbele ya mgeni ili moyo wa mgeni utulie. Na yeye pia ana sukari, ndugu zangu! Soda si kitu cha yeye kuchezea.

"Nimetangulia," akasema. "Kunywa sasa, mama. Mzee wangu alijidunga, akaenda shamba bila kula. Nilimkuta jioni amelala kwa mtaro, ameshapoa."

Nikanywa, huku nalia. Nilikunywa mpaka mikono ikaacha kutetemeka.

Nawashukuru mlionishika mabega mpaka barabarani. Sitawadanganya, watu bado nawashuku, na dawa ya hiyo sijapata. Lakini ukishajidunga, kula, haijalishi nani anaangalia. Na wewe mama unayeinamisha kichwa hapo nyuma, asante. Ningekufa kwa njaa, chakula kikiwa mgongoni.